Ukisimulia Upya, Unadaiwa Nini?

Binti yangu aliniuliza, "Baba, unadanganya wapi?" Hakuuliza kama nadanganya. Hilo alikuwa ameshalimaliza kichwani mwake, alitaka kujua mahali tu. Ana miaka 14. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, mgongo amenigeuzia, na mimi nikamwambia subiri, nitakujibu. Ikapita wiki, ikapita miezi.

Insha hii ni jibu lake. Lakini itabidi mnivumilie, ndugu zangu, maana jibu lenyewe nililipata mbali na nyumbani: kwenye vichekesho vya televisheni ya Uingereza, na jinsi Wamarekani walivyovichukua wakavitengeneza upya kwao. Najua inasikika kama utani. Siyo utani.

Nianze na kazi yangu ili mnielewe. Hapa Nakivale, jioni, natafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Hapa Uganda anayefanya kazi hii anaitwa VJ, Kenya wanamjua DJ Afro, Tanzania watu wa umri wangu wanamkumbuka Lufufu. Unapunguza sauti ya filamu, unashika maikrofoni, unawasemea watu wa kwenye skrini kwa Kiswahili. Ukishashika maikrofoni wewe ndo mwenye filamu. Jambazi wa Hong Kong anaweza kuanza kulalamikia bei ya unga. Polisi wa New York anaweza kuwa mtu wa Uvira. Watu wanacheka, wanalipa, kesho wanarudi. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama kuna kitu nadaiwa na yule aliyeitunga ile hadithi.

Swali lilianza pale mwalimu mmoja wa Kiingereza alipoondoka akaniachia diski iliyojaa vipindi vya kuchekesha, vya Uingereza na vya Marekani. Nikaona kuna vipindi viwili vyenye jina lilelile, The Office. Nikafikiri ni makosa ya mtu aliyenakili. Kumbe ni biashara ya miaka mingi. Kipindi kikipendwa Uingereza, Wamarekani mara nyingi hawakionyeshi hivihivi. Wananunua haki ya kukicheza upya, kwa waigizaji wao, mji wao, mdomo wao. Yaani kinachouzwa ni ruhusa ya kusimulia hadithi ileile kwa watu wengine. Nikasema ala, hawa ni ma-VJ wenzangu, tofauti wana pesa.

Hiyo The Office ya kwanza ilitungwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant, BBC wakaanza kuionyesha mwaka 2001. Ni ofisi ya kampuni ya kuuza karatasi, mji wa Slough, magharibi ya London. Bosi anaitwa David Brent. Brent anaamini yeye ni mchekeshaji, rafiki wa wote, kiongozi wa mfano. Wafanyakazi wake wanamtazama vile unavyomtazama mgeni anayekula polepole wakati watoto wako wana njaa. Kamera inamfuata kama ya watu wa habari, na hakuna sauti za watu wanaocheka pembeni kukuonyesha pa kucheka. Mwisho wa msimu wa pili anaachishwa kazi, na huyo mtu aliyejigamba siku zote anaanza kubembeleza asifukuzwe, machozi karibu. Ukihesabu na sehemu mbili za Krismasi ya 2003, hadithi nzima ina sehemu 14 tu.

Ya Marekani ilianza Machi 2005. Ofisi iko Scranton, jimbo la Pennsylvania, karatasi zilezile, bosi sasa anaitwa Michael Scott, anachezwa na Steve Carell. Sehemu yao ya kwanza ilifuata maandishi ya Waingereza karibu mstari kwa mstari. Haikunoga. Mzaha uleule mdomoni mwa mtu mwingine ulikuwa kama koti la kuazima. Msimu ule wa kwanza ulikuwa na sehemu sita tu. Ulipokuja wa pili, mtengenezaji wao Greg Daniels na wenzake walimbadilisha bosi. Hata nywele walizitengeneza upya. Kubwa zaidi, walimpa moyo: bado ni mpumbavu, bado anaropoka, lakini anawapenda wafanyakazi wake kweli, na siku nyingine unaona kwa nini alipandishwa cheo, maana kuuza anajua. Kipindi kilikwenda mpaka 2013, sehemu 201. Michael mwenyewe aliondoka 2011 na mchumba wake Holly, wakahamia Colorado kuwatunza wazazi wa huyo mwanamke. Aliyekuwa anatafuta familia ofisini, mwishowe akaipata.

Nilizijaribu zote mbili kibandani. Usiku wa Brent nilitoka jasho. Hakuna risasi, hakuna mapenzi, mtu anaongea tu na watu wananyamaza. Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Sasa huyu anamchekesha nani?" Mama mmoja nyuma akajibu, "Mimi huyu namfahamu, alikuwa bosi wangu." Hapo ndo walicheka, lakini walimcheka mama. Wiki iliyofuata nikaweka ya Marekani. Hiyo walicheka vizuri, wakataka nyingine.

Lakini kuna kitu niliona. Asubuhi baada ya usiku wa Brent, pale bombani, watu walikuwa bado wanamjadili. Alivyobembeleza. Kama alistahili. Kama mtu anayedharauliwa na wote ana haki ya kuhurumiwa. Baada ya Michael hakuna aliyejadili. Walikuwa wamefurahi, wakalala.

Basi mtu anaweza kukimbilia jibu: Waingereza wanasema ukweli, Wamarekani wanabembeleza. Nami nilifikiri hivyo kwa muda. Wako wengi wanaosema hivyo, kwamba kichekesho cha Kiingereza kinamfungia mtu chumbani na kumtazama, na cha Kimarekani lazima kimfungulie mlango kabla hujalala. Ila nikikaa na jambo hili, naona si rahisi hivyo.

Kwanza, hesabu. Sehemu 14 na sehemu 201 si mzigo mmoja. Mtu wa kukaa naye jioni 14, unaweza kumtazama akidhalilika mpaka mwisho. Mtu wa kuingia nyumbani kwako kila wiki kwa miaka lazima awe na kitu cha kumpendea, la sivyo utafunga mlango. Wamarekani walijua wanatengeneza hadithi ya kuishi nayo. Hadithi ya kuishi nayo lazima iwe na mahali pa kukalia.

Pili, hata Waingereza walikuwa na huruma. Katika ile Krismasi ya 2003, Brent hatimaye anamwambia yule rafiki yake mwonevu aondoke zake, na kwa mara ya kwanza anawachekesha watu na wao wanacheka kweli. Kitambo kidogo tu. Lakini kinakuuma, kwa sababu umeshaona bei yake. Huruma ilikuja baada ya jeraha kuonyeshwa. Hilo la mpangilio ndo nililishika: huwezi kunipa dawa kabla hujanionyesha kidonda.

Kuna wengine walitoa dawa bila kidonda kabisa. John Cleese na mkewe wa wakati ule, Connie Booth, waliandika Fawlty Towers, sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979. Ni hoteli ndogo pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, mji wa Torquay. Mwenye hoteli, Basil Fawlty, anawachukia wageni wake, anawanyenyekea matajiri, anamwogopa mke wake, na kila uongo wake mdogo unazaa uongo mkubwa mpaka nyumba nzima inamwangukia. Wamarekani walijaribu kuitengeneza upya zaidi ya mara moja. Mwaka 1983 waliita yao Amanda's, na mwenye hoteli akawa mama, akichezwa na Bea Arthur. Cleese amesimulia mara nyingi jinsi alivyoambiwa kwamba wamebadilisha jambo moja tu: wamemwondoa Basil.

Hoteli ipo, bahari ipo, wageni wapo. Mtu ambaye bila yeye hayo yote ni samani, hayupo. Kipindi hakikumaliza hata mwaka.

Na kuna waliokosea upande wa pili. Waingereza walikuwa na Coupling, ya mwandishi Steven Moffat, kuhusu marafiki sita na mambo yao ya mapenzi. Mwaka 2003 kampuni ya televisheni ya Marekani ikaicheza upya, tena kwa kuanza na maandishi yaleyale karibu yote. Hawakuondoa mtu, hawakuondoa mzaha. Baada ya sehemu nne waliisimamisha. Maneno yote yalifika salama na hadithi haikufika.

Kwa hiyo uaminifu ni nini? Amanda's walitunza nyumba wakamtupa mtu. Coupling walitunza maneno, na hayo pia hayakutosha. Kama deni la msimuliaji si vyombo wala maneno, basi ni la kitu gani?

Jibu nililipata kwenye mkokoteni.

Januari 1962 BBC walionyesha mchezo mmoja wa Ray Galton na Alan Simpson. Baba na mwana, Albert na Harold Steptoe, wanaishi London kwenye uwanja uliojaa takataka. Kazi yao ni kuzunguka mitaani na mkokoteni wa farasi wakikusanya vyuma chakavu, matambara, na vitu ambavyo watu wamevichoka. Harold ni mtu mzima. Anasoma, ana ndoto, anataka kuondoka. Baba yake amezeeka, mjanja, mchafu, anaogopa kubaki peke yake, na hawezi kulisema hilo. Siku hiyo Harold anatangaza kwamba amepata nafasi mahali pengine. Anapakia vitu vyake vyote kwenye mkokoteni. Baba anakataa kumpa farasi. Basi Harold anashika mkokoteni mwenyewe anavuta. Hauendi. Anavuta tena. Anavuta mpaka analia. Mwisho baba yake anamwongoza taratibu kurudi ndani, akanywe chai.

Hicho ndo kichekesho, ndugu zangu. Watu walikipenda mpaka kikawa kipindi, Steptoe and Son, kilichokwenda kwa vipande mpaka 1974. Mimi nilicheka sana Harold alipokuwa anapanga vitu vyake kwenye mkokoteni kwa mbwembwe. Alipoanza kuvuta nikazima kompyuta. Sababu nitaisema.

Wamarekani walijaribu hadithi hii mara ya kwanza mwaka 1965, na jaribio hilo halikwenda popote. Halafu Norman Lear na Bud Yorkin wakaichukua, na Januari 1972 ikatokea kwa jina la Sanford and Son. Hawakutafuta wazee wa Kizungu wanaofanana na wale wa London. Waliuliza, naona, swali lingine: hapa kwetu ni nani anaishi kwa kuokota kilichotupwa na wengine, huku anataka kuondoka na hawezi? Wakaenda Watts, mtaa wa watu weusi Los Angeles, mtaa ambao Agosti 1965 ulikuwa umewaka kwa ghasia za siku sita, watu 34 wakafa. Baba akawa Fred Sanford, mwana akawa Lamont. Farasi akawa pikapu kuukuu.

Aliyecheza baba alijulikana kwa jina la jukwaani, Redd Foxx. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Elroy Sanford, na alikuwa na kaka aliyeitwa Fred. Yaani alipewa hadithi ya mzee wa Kizungu wa London, akaivika jina la nyumbani kwao.

Na tazameni alivyomfunga mwanawe. Albert wa London anamnyima mwanawe farasi. Fred wa Watts, kila Lamont akitaka kuondoka au kumkasirikia, anashika kifua, anayumba, anatazama juu, anamwambia marehemu mke wake Elizabeth kwamba sasa anakuja. Moyo wake hauna kitu. Lamont anajua hauna kitu. Lakini hawezi kuwa na uhakika, na mtoto hawezi kumwacha baba ambaye huenda safari hii anakufa kweli. Fundo ni lilelile, kamba ndo nyingine. Na Fred ni mtamu kuliko Albert, nakubali, anakuchekesha mpaka mbavu zinauma. Utamu huo haukulifungua fundo. Harold na Lamont wote wawili wanabaki uwanjani na vyuma chakavu.

Hapo nikaelewa. Msimuliaji anadaiwa fundo. Mahali pale ambapo mtu amefungwa, na ambapo yeye mwenyewe akivuta hakuendi. Nchi badilisha, jina badilisha, ongeza utani, hata mpe mtu huruma ambayo wa kwanza hakumpa. Fundo likibaki, hadithi imehama salama. Ukilifungua kimyakimya ili wasikilizaji wafurahi, hujasimulia upya, umezika.

Ningeishia hapo kama si jambo lingine, ambalo linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Linahusu yule anayechekwa.

Huyohuyo Norman Lear, mwaka mmoja kabla ya Sanford, alikuwa amechukua kipindi kingine cha Kiingereza, Till Death Us Do Part cha Johnny Speight, kilichoanza mwaka 1965. Mle kuna Alf Garnett wa mashariki ya London, mzee anayewatukana wageni, weusi, Wayahudi, vijana, kila asiye yeye. Aliyemcheza, Warren Mitchell, mwenyewe alitoka familia ya Kiyahudi. Wamarekani wakamfanya Alf kuwa Archie Bunker wa Queens, New York, kipindi kikaitwa All in the Family. Nia ilikuwa wazi pande zote mbili: tumcheke mjinga, tuone ujinga wake. Mwaka 1974 watafiti wawili, Neil Vidmar na Milton Rokeach, walichapisha walichokipata kwa watazamaji wa Marekani na Kanada. Watu wenye chuki za namna ya Archie walikuwa wepesi zaidi kumpenda na kuona kwamba anasema kweli. Wasio na chuki hizo waliona anasimangwa. Kipindi kimoja, kicheko kimoja sebuleni, na kumbe wanacheka vitu viwili tofauti.

Mimi nikisoma hilo sicheki, kwa sababu sisi ndo watu ambao Alf anawasema. Kila nchi jirani tuliyokaa ina Alf wake. Wengine wazuri tu, wanakukopesha chumvi.

Na kwenye ile hoteli ya Torquay kuna mhudumu anaitwa Manuel, katoka Barcelona, Kiingereza hajui. Kosa lake kubwa ni lugha, na kwa kosa hilo Basil anampiga kichwani kwa kijiko, kwa sufuria, kwa chochote kilicho karibu. Nilipomwona mara ya kwanza nilimkumbuka jamaa yangu siku zake za mwanzo kazini hapa Uganda, na sikucheka haraka. Halafu nikajua kwamba aliyemcheza, Andrew Sachs, alizaliwa Berlin mwaka 1930, baba yake Myahudi, na mwaka 1938 familia ikakimbilia Uingereza. Mhudumu asiyejua lugha alikuwa anachezwa na mtu aliyewahi kuwa mtoto mkimbizi. Sijui hilo linabadilisha kicheko cha nani, lakini changu kilibadilika. Na Hispania, walipokitafsiri kipindi hicho kwa lugha yao, Manuel aligeuzwa kuwa Mwitaliano. Kila mtu anataka mjinga atoke kijiji cha jirani.

Sasa nirudi kwenye masufuria.

Kuna hadithi nimewasimulia watoto wangu tangu wakiwa wadogo. Inaitwa Babu na Baiskeli. Usiku tulipoondoka nyumbani, baba yangu alikataa kuiacha baiskeli yake. Haikuwa na mnyororo, tairi la nyuma halikuwa na upepo. Akaipakia godoro, sufuria mbili, na kuku ndani ya kikapu, akaisukuma gizani kwenye tope. Kila ikikwama anaitukana kama mkwe mvivu. Kuku anamjibu. Shangazi anamwambia anyamaze, yeye anasema mwambie baiskeli kwanza. Asubuhi tunafika mtoni, tunafungua kikapu, kuku ametaga. Babu anasema, mnaona, hata huyu amechangia safari. Mwisho. Watoto wanacheka mpaka leo. Sauti ya kuku naiweza vizuri, ni kazi yangu.

Kuna hadithi nyingine, ya ofisini. Hiyo nimeisimulia mara tatu, kwa watu watatu, miaka tofauti, na kila mara lazima iwe ileile. Tarehe. Saa. Mlitoka upande gani. Ukibadilisha neno wanarudi nyuma kwenye karatasi. Ile haina kuku. Ile inasema kwamba baba yangu aliiacha baiskeli kwenye mlima, akatuvusha sisi mpaka chini karibu na mto, halafu akarudi kuichukua. Tulisikia risasi. Tulingoja mpaka kukapambazuka. Hakuja.

Mara ya tatu binti yangu alikuwa amekua, akaitwa ndani pamoja nasi. Alisikia. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu. Jioni akasema, "Kule ofisini babu alirudi mlimani. Hapa nyumbani babu anafika mtoni. Baba, unadanganya wapi?"

Sasa najua la kumwambia.

Mwanangu, ofisini sikudanganya. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini ile ni Coupling: maneno yote yamefika na babu yako hayumo. Yule mtu wa kwenye karatasi hana utani, hana kuku, hajawahi kumtukana mtu. Ningekutana naye njiani nisingemjua. Siwalaumu waliouliza, kazi yao inataka tarehe. Ila usifikiri kwamba kwa kuwa ni ya karatasi ndo hadithi kamili.

Nyumbani ndo nimekosea, na mahali penyewe ni hapa. Nilimwondoa Basil. Baiskeli nimeiacha, kikapu nimekiacha, yai nimeliacha, na ule mlima nimeutoa. Nimekufungulia fundo bila kukwambia kwamba lilikuwepo. Nilipomwona Harold ameshika mkokoteni anavuta, nilizima kompyuta kwa sababu nilimwona mtu aliyewahi kuutembea ule mlima.

Na kuna kosa la pili, dogo, lakini linaniuma zaidi. Sikuwahi kukwambia kwa nini hakuiacha. Alifanya vibarua misimu miwili kuinunua. Ndiyo iliyonipeleka mimi shule, nimekaa nyuma, na mama yako mgonjwa iliwahi kumfikisha zahanati. Bila hayo, babu yako ni mzee mbishi anayegombana na chuma, na kicheko chenu kinamwangukia kichwani kama kijiko cha Basil. Nimemfanya baba yangu kuwa Manuel. Na yeye hayupo wa kujitetea.

Utaniuliza kwa nini sikusema mapema. Kwa sababu ulikuwa na miaka minne. Hapo nawatetea Wamarekani kidogo. Hadithi ya kulala nayo kila usiku lazima mtoto aweze kuingia ndani yake na kukaa. Sikujuta kukupa kuku kwanza. Nilichodaiwa ni kutoishia kwa kuku. Huruma inaweza kutangulia kidogo, kwa mtoto, lakini ni mkopo, na mkopo una siku ya kulipa. Uliponiuliza ulikuwa umekuja kudai.

Mtu anaweza kunipinga: kwa nini ucheke kabisa? Simulia kwa huzuni, kwa heshima, kama msibani. Nimefikiri. Lakini alitukana baiskeli kweli. Kuku alitaga kweli. Shangazi alicheka kweli gizani, mkono mdomoni, nami nilimsikia. Nikiondoa kicheko nitakuwa namwondoa mtu tena, kwa mlango mwingine. Redd Foxx alichekesha Watts miaka saba baada ya mtaa kuungua, kwa jina la baba yake, na hakuna aliyesema haheshimu wafu.

Kwa hiyo Jumamosi, ukimaliza masufuria, kaa. Na wadogo zako wakae, hata yule wa mwisho, nitamshika mimi. Nitaanza palepale, kwenye mnyororo usiokuwepo. Kuku atasema. Baiskeli itatukanwa. Nitakwambia alivyoinunua. Halafu tutafika chini karibu na mto, sisi bila yeye, na nitakwambia aligeuka akaenda upande gani.

Yai tulilikuta asubuhi. Shangazi alilichemsha akawagawia watoto. Hilo pia sikuwahi kulisimulia.